Mkulima Akishika Dola: Houphouët-Boigny na Wakulima wa Kakao

Tarehe 11 Aprili 1946 bunge la Ufaransa lilipitisha sheria fupi sana, ya vifungu vichache tu, iliyopiga marufuku kazi za lazima katika makoloni yake yote. Aliyeipeleka bungeni alikuwa Félix Houphouët-Boigny, mwenye mashamba ya kakao na kahawa kutoka Kodivaa, mbunge wa miezi michache. Wakulima wenzake ndio waliomtuma Paris, na walimtuma na malalamiko mawili. Kwanza, watu wa kuwasaidia kulima na kuvuna hawapatikani kwa sababu serikali inawakamata na kuwapeleka kwa walowezi. Pili, Mwafrika na Mzungu wanauza mazao yaleyale, lakini hawatendewi sawa.

Alifariki tarehe 7 Desemba 1993, akiwa rais tangu uhuru wa 1960. Wakati huo Kodivaa ilikuwa ikivuna kakao nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na mkulima wake alikuwa akilipwa nusu ya bei aliyolipwa miaka mitano nyuma. Kati ya tarehe hizo mbili kuna swali linalowahusu wakulima wa nchi nyingi: mkulima mwenzao akiingia katika siasa kwa ajili yao, akashinda, na akashika dola yenyewe, wanaobaki shambani wanapata nini? Naamini wakulima wa Kodivaa walipata mengi, tena mengi kuliko majirani zao. Walipata vibarua, ardhi, barabara na soko. Walichopoteza ni chama chao wenyewe, na siku bei ilipoanguka hakukuwa na kitu walichokihitaji zaidi ya hicho.

Tuanze na mtu mwenyewe. Alizaliwa Yamoussoukro, katika jamii ya Wabaule, mwaka 1905 kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi, katika ukoo wa machifu. Alisoma katika shule ya udaktari ya Dakar na kuhitimu mwaka 1925. Kwa miaka mingi alikuwa tabibu wa serikali ya kikoloni, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo. Alipokuwa Abengourou, mashariki karibu na mpaka wa Gold Coast (Ghana ya leo), alikutana na wakulima wa kakao waliokuwa wakipunjwa na wanunuzi. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi duniani, na bei zilikuwa zimeporomoka. Desemba 1932 alichapisha gazetini makala kali bila kutumia jina lake, na kichwa chake kilisema waziwazi: "Wametuibia mno." Mwaka 1940, baada ya kifo cha ndugu yake, alishika uchifu wa eneo lao, akaacha utabibu na kuendesha mashamba ya familia. Muda si mrefu alikuwa miongoni mwa wakulima Waafrika matajiri zaidi katika koloni lile.

Jambo hili wengi hulipita haraka, nami nadhani ndilo ufunguo wa habari yote. Mtu aliyesimama kuwatetea wakulima hakuwa mwenye vishamba viwili vya kulishia watoto. Alikuwa chifu, tabibu, na mwajiri wa vibarua. Alipoumizwa na uhaba wa vibarua, aliumizwa kama mwajiri. Alipoumizwa na bei, aliumizwa kama muuzaji wa mzigo mkubwa. Sisemi hivyo kumpunguzia heshima. Kuna nyakati maumivu ya mkubwa na ya mdogo hutoka kwenye jeraha moja, na miaka ya 1940 Kodivaa ilikuwa katika wakati wa namna hiyo.

Kazi za shokoa zilikuwa zikiendeshwa hivi. Mlowezi Mfaransa akihitaji watu, alipeleka maombi kwa mkuu wa wilaya. Mkuu wa wilaya aliwaagiza machifu, na machifu walitoa vijana. Wengi walitoka kaskazini, nchi ya Wamosi, kwa kuwa mwaka 1932 Ufaransa ilikuwa imelivunja koloni la Volta ya Juu (Burkina Faso ya leo) na kuiunganisha sehemu yake kubwa na Kodivaa. Kwa maneno mengine, nchi nzima iligeuzwa ghala la nguvu kazi. Msomaji wa Tanzania anayekumbuka manamba wa mashamba ya mkonge ataielewa picha hii kwa kiasi fulani, ingawa manamba walau walitia saini mkataba. Mkulima Mwafrika wa kakao hakugawiwa mtu hata mmoja katika mpango huu. Vibarua aliowatafuta mwenyewe, na hata jamaa zake, waliweza kuchukuliwa msimu wa mavuno ukiwa umepamba moto, wapelekwe kuvuna kwa jirani Mzungu. Kakao iliyokomaa haisubiri. Mkulima alitazama matunda yakiozea mtini huku watu wake wakifanya kazi ng'ambo ya pili ya barabara.

Enzi ya Vichy, serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wanazi, ambayo Afrika Magharibi ya Kifaransa ilikuwa chini yake hadi mwishoni mwa 1942, ilizidisha ubaguzi huu. Kisha upepo ukageuka. Kodivaa ilipata gavana mpya, André Latrille, aliyekuwa tayari kuwasikiliza Waafrika. Mwaka 1944 Houphouët na wenzake wachache, akiwemo Gabriel Dadié, baba wa mwandishi Bernard Dadié, walijitenga na chama cha wakulima kilichotawaliwa na walowezi, wakaanzisha chao: Chama cha Wakulima Waafrika. Kiliwakusanya watu wapatao 20,000.

Hoja yao ya kwanza waliithibitisha kwa vitendo, na hapa ndipo ninapomwona Houphouët akiwa katika ubora wake. Walowezi walishikilia kwamba Mwafrika hafanyi kazi bila kushurutishwa. Chama kikaenda Korhogo, kaskazini, kikazungumza na chifu mkuu Gbon Coulibaly, naye akakubali kuwapa vijana watakaokwenda kwa hiari yao na kulipwa vizuri zaidi. Vijana walikwenda, wakafanya kazi, wakalipwa. Hoja ya walowezi ikabaki haina miguu. Mkutano wa watawala wa makoloni ya Ufaransa uliofanyika Brazzaville mwanzoni mwa 1944 ulikuwa umependekeza kazi za lazima ziondolewe polepole, kwa kipindi cha miaka mitano. Baada ya Korhogo, hakukuwa tena na sababu ya maana ya kungoja.

Uchaguzi wa 1945 ulikuwa mgumu. Waliokuwa na haki ya kupiga kura walikuwa wachache, na Wamosi walikuwa na mgombea wao aliyeungwa mkono na mfalme wao. Houphouët alishinda katika duru ya pili kwa tofauti ndogo ya kura. Kilichomvusha ni chama cha wakulima: tayari kilikuwa na watu katika kila eneo la kakao na kahawa, watu walioaminika vijijini kwa kuwa walikwisha kufanya jambo lililoonekana kwa macho. Aprili 1946 kilizaliwa chama cha siasa, PDCI, juu ya mtandao huohuo. Oktoba ya mwaka huo mkutano wa Bamako uliunda RDA, muungano wa vyama vya Afrika ya Kifaransa, naye akawa kiongozi wake.

Sheria ya Aprili 1946 ilimnufaisha nani? Jibu la kwanza ni kijana wa Kimosi au wa Korhogo, ambaye sasa hakuna askari aliyeweza kumkamata ampeleke shambani kwa mtu. Hilo halina bei, na jina la Houphouët liliheshimiwa katika nyumba nyingi za Sahel kwa sababu hiyo. Jibu la pili ni mwenye shamba Mwafrika. Vijana walipokuwa huru kuchagua, walimkimbia mlowezi na kwenda kwake, maana alitoa masharti mazuri zaidi. Mara nyingi aliwagawia sehemu ya mavuno, kwa desturi theluthi moja. Mashamba mengi ya walowezi yalidhoofika ndani ya miaka michache. Reli kutoka Abidjan, iliyokwisha kufika Bobo-Dioulasso mwaka 1934, ikafika Ouagadougou mwaka 1954, na mkondo wa vibarua wa hiari ukawa mkubwa kuliko ule wa shokoa. Tendo moja la kisiasa lilimkomboa mfanyakazi na kumtajirisha mwajiri wake Mwafrika. Matendo ya namna hiyo ni machache katika historia ya kilimo, na hatari yake ni kumfanya kiongozi aamini kwamba faida yake na faida ya watu wake zitakwenda pamoja daima.

Wakoloni walijibu kwa ukali. RDA ilishirikiana bungeni na Wakomunisti wa Ufaransa, na hiyo ilitosha kuwa kisingizio. Viongozi wa PDCI walitiwa ndani mwaka 1949. Desemba ya mwaka huo wanawake waliandamana hadi gereza la Grand-Bassam kudai wafungwa waachiliwe, maandamano ambayo Kodivaa bado inayaenzi. Januari 1950 watu walipigwa risasi na kuuawa Dimbokro. Kufikia Oktoba 1950 Houphouët alikuwa ameamua kuachana na Wakomunisti, baada ya mazungumzo na serikali ya Paris, ambamo François Mitterrand alikuwa waziri wa makoloni. Kuanzia hapo alitembea na Ufaransa bega kwa bega. Mwaka 1956 aliingia katika baraza la mawaziri la Paris.

Wapo wanaosema hapo ndipo alipowasaliti wakulima. Mimi naiona tofauti kidogo. Mwenye mashamba alihitaji soko la Ufaransa, meli za Ufaransa na bei za upendeleo za Ufaransa. Kubaki vitani na Paris kungewaumiza watu waliomchagua. Alichokiacha mwaka 1950 kilikuwa kikubwa kuliko urafiki na Wakomunisti. Aliacha desturi ya kupata jambo kwa nguvu ya watu waliojipanga. Tangu wakati ule mambo yalipatikana kwa mazungumzo ya wakubwa nyuma ya milango, na chama cha wakulima, kilichoanza yote, kilimezwa polepole ndani ya PDCI. Baadaye PDCI ikawa chama pekee na dola ikawa yake. Wakulima waliamka wakakuta kwamba chombo chao kimekuwa serikali, na mtu hawezi kugoma dhidi ya serikali anayoambiwa ni yake.

Inafaa tuvuke mpaka kidogo. Aprili 1957 Kwame Nkrumah, kiongozi wa Ghana, alitembelea Abidjan, na wawili hao wakawekeana dau mbele ya umma: baada ya miaka kumi ionekane nchi ipi iko mbele. Wengi hulikumbuka dau hilo kama mashindano ya ujamaa na ubepari. Mimi hulitazama kwa jicho la mkulima wa kakao. Ghana ilikuwa na bodi ya mazao iliyonunua kakao yote. Mwaka 1954 serikali ya Nkrumah ilifunga bei ya mkulima kwa kiwango cha chini wakati bei ya dunia imepanda sana, ili tofauti itumike kujenga nchi. Wakulima wa Ashanti walikasirika, na chama cha upinzani kikazuka mara moja. Nkrumah alishinda kura, lakini aliwapoteza wale watu, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 kakao ya Ghana ilidhoofika.

Houphouët, mwenye mashamba, alilijua kosa hilo asilifanye. Kodivaa ilikuwa na mfuko wa kudhibiti bei, uliojulikana kwa kifupi kama Caistab. Mfuko haukununua kakao wenyewe. Uliwaachia wafanyabiashara wenye leseni, lakini ulipanga bei katika kila hatua, kuanzia mlangoni kwa mkulima hadi bandarini. Mkulima alijua mwanzoni mwa msimu atalipwa kiasi gani kwa kilo. Barabara zilifika vijijini, mbegu bora ziligawiwa, bandari mpya ya San-Pédro ilifunguliwa kusini-magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mavuno ya kakao, yaliyokuwa chini ya tani 100,000 kwa mwaka wakati wa uhuru, yalipita tani 500,000 katikati ya miaka ya 1980. Ghana ilipitwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na haijarudi mbele tangu hapo. Kwa dau la 1957, jibu halina ubishi.

Hata hivyo mfuko ule ulikuwa na tundu lilelile lililokuwa Ghana, ila lilifunikwa vizuri zaidi. Mwaka 1977 bei ya kakao duniani ilifika kiwango cha kustaajabisha. Mkulima wa Kodivaa aliongezewa kidogo. Tofauti ilibaki mikononi mwa serikali, nayo ikatumika katika mambo mema na yasiyo mema: shule na barabara, lakini pia viwanda vya sukari vya kaskazini vilivyogharimu fedha nyingi kupita kiasi, majengo makubwa ya Yamoussoukro, na fadhila kwa waliokuwa karibu na ikulu. Wakubwa walisema akiba hiyo ni bima ya mkulima kwa siku mbaya. Katika mfuko huo mkulima hakuwa na kiti, hakuona hesabu, na hakuwa na chama cha kumuulizia fedha ziko wapi.

Ardhi inahitaji maelezo yake, maana hapo ndipo wema wake ulipoacha madeni mazito zaidi. Msimamo wa Houphouët ulikuwa kwamba ardhi ni ya anayeiendeleza. Kwa nchi yenye msitu mkubwa na watu wachache, maneno hayo yalifungua milango. Wabaule waliteremka kutoka katikati ya nchi kwenda magharibi, na wageni kutoka Volta ya Juu na Mali wakaja kwa wingi, wakafyeka, wakapanda. Kwa upande mmoja aliwapa vibarua wa zamani nafasi ya kuwa wenye mashamba, jambo ambalo serikali chache zimewahi kuwatendea wageni. Kwa upande mwingine, Wabete na jamii nyingine za msituni waliona ardhi ya mababu zao ikigawiwa kwa neno la mtu mmoja, bila sheria iliyoandikwa. Muswada wa ardhi wa mwaka 1963 ulipita bungeni lakini haukutiwa nguvu. Mwaka 1970 maasi yaliyoongozwa na Kragbé Gnagbé karibu na Gagnoa yalizimwa kwa damu.

Haki za maelfu ya familia zilisimama juu ya uhai wa mzee mmoja. Alipokufa, zilibaki hewani. Sensa ya 1998 ilionyesha kwamba wageni walikuwa asilimia 26 ya watu wote, na Desemba ya mwaka huo sheria mpya ilisema kwamba umiliki wa ardhi ya kijijini ni wa raia pekee. Vita vilivyozuka mwaka 2002 vilikuwa na sababu nyingi, lakini yeyote aliyefuatilia yaliyotokea magharibi mwa nchi anajua ni mara ngapi mtu alifukuzwa kutoka kwenye mikakao aliyoipanda baba yake. Kama mkulima mgeni angepewa hati, na mwenyeji akapewa fidia na sauti, ardhi isingekuwa kuni za moto ule. Lakini hati humfanya mtu asimhitaji tena mfadhili wake, na siasa ya Houphouët ilijengwa juu ya kuhitajiwa.

Siku mbaya ilifika katikati ya miaka ya 1980. Bei ya dunia ilishuka, kwa sehemu kwa sababu Kodivaa yenyewe ilikuwa imepanda kakao nyingi mno na nchi za Asia nazo zilikuwa zimeingia sokoni. Mei 1987 serikali ilitangaza kwamba haiwezi kulipa madeni ya nje. Mzee, aliyekwisha kuvuka miaka 80, akafanya uamuzi ambao hauwezi kueleweka mtu asipokumbuka ile makala ya 1932. Alikataa kuuza. Aliamini kwamba mzalishaji mkubwa kuliko wote akifunga ghala, wanunuzi wa London na New York watasalimu amri. Wakati huohuo aliendelea kumlipa mkulima faranga 400 kwa kilo, bei iliyozidi ile ya soko la dunia ukijumlisha gharama za kuifikisha kakao melini.

Kuna ushujaa hapo, nami siwezi kuusoma mkasa huu bila kumwonea uchungu. Alikuwa bado anapigana na wanunuzi walewale wa Abengourou. Lakini wao walikuwa na akiba ya kutosha na nchi nyingine za kununulia, ilhali kakao ya Kodivaa ilirundikana katika nchi yenye joto na unyevu. Mwaka 1989 alilazimika kuuza kiasi kikubwa kupitia kampuni ya Kifaransa ya Sucres et Denrées, na mwaka huohuo bei ya mkulima ikashushwa hadi faranga 200. Nusu nzima iliondoka. Bima iliyoahidiwa kwa miaka thelathini haikuwepo. Mwaka uliofuata Papa Yohane Paulo II alikuja kulibariki kanisa kubwa la Yamoussoukro, ambalo rais alisema amelijenga kwa mali yake.

Wakulima walifanya nini bei ilipokatwa? Wanafunzi, walimu na wafanyakazi wa mijini waliingia barabarani mwaka 1990 mpaka mfumo wa vyama vingi ukaruhusiwa. Wakulima wa kakao, waliokuwa wengi kuliko makundi yote hayo na waliolipia karibu kila kitu nchini, sauti yao haikusikika kwa uzito huo. Walikuwa wametawanyika, kila mmoja na mnunuzi wake.

Afrika Mashariki inalifahamu jambo hili la wakulima kupoteza chama chao. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikasajiliwa mwaka 1933. Wakulima wa pamba wa Usukuma walimtoa Paul Bomani, aliyetoka kwenye ushirika hadi baraza la mawaziri. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivivunja vyama vikuu vya ushirika na kuyakabidhi mazao kwa mamlaka zake. Njia za kisiasa za nchi hizi mbili zilitofautiana karibu katika kila kitu, lakini mkulima wa Moshi na wa Gagnoa walijikuta katika hali moja: anayepanga bei ya zao lako ni yuleyule anayesema kwamba anakuwakilisha.

Caistab ilivunjwa mwaka 1999 kwa shinikizo la Benki ya Dunia. Baada ya miaka ya vurugu na ubadhirifu, serikali iliunda Baraza la Kahawa na Kakao, ambalo tangu msimu wa 2012 limerudi kupanga bei ya mkulima, likiuza sehemu kubwa ya mavuno kabla msimu haujaanza. Mwaka 2019 Kodivaa na Ghana zilikubaliana kudai nyongeza ya dola 400 kwa kila tani ili kipato cha mkulima kiinuke. Kisha, mwaka 2024, ukame na maradhi ya mikakao vilipandisha bei ya dunia kupita dola 10,000 kwa tani. Msimu ulipofunguliwa Oktoba mwaka huo, mkulima wa Kodivaa alitangaziwa faranga 1,800 kwa kilo, yaani kama dola 3,000 kwa tani. Ilikuwa bei kubwa kuliko aliyowahi kulipwa, lakini chini sana ya bei ya dunia, na sehemu ya maelezo ni kwamba kakao yake ilikwisha kuuzwa kwa mikataba ya awali, kabla bei haijapanda. Wengine waliivusha usiku kwenda nchi jirani, ambako wanunuzi walilipa zaidi. Hilo walilifanya kila mtu peke yake, kwa pikipiki na magunia machache, huku bei ya msimu uliofuata ikiendelea kupangwa Abidjan.